Nyota kwenye taa za video: jinsi montaji inavyoiga lenzi, na pale inapoanza kudanganya

Katika klipu nyingi za muziki zinazopigwa usiku mjini Goma, Bukavu au Lubumbashi, taa haibaki taa tu. Balbu ya barabarani inatoa miale kama nyota. Taa ya pikipiki inazungukwa na mng'ao laini unaofunika sehemu kubwa ya picha. Mkufu wa msanii unametameta kila anapogeuka. Mara nyingi vitu hivyo havikuwepo siku ya kupiga video. Vimeongezwa baadaye, mbele ya kompyuta, wakati wa montaji.

Kazi hiyo imekuwa rahisi sana. Ipo katika programu za bure za kompyuta, na hata kwenye simu mtu anaweza kuibandika kwa kugusa mara moja. Lakini urahisi huo umekuja na matatizo mawili. La kwanza ni la ufundi: gauni la bibi harusi linawaka kama taa ya uwanja wa mpira, na mteja anakataa kumaliza malipo. La pili ni zito zaidi. Mng'ao huohuo ukiwekwa kwenye video ya moto, ya mlipuko au ya lava, unaweza kuwafanya watu waamini kwamba hatari iko karibu kuliko ilivyo. Katika eneo ambalo familia huamua kukimbia au kubaki baada ya kutazama video iliyotumwa kwa WhatsApp, hilo si jambo dogo.

Matatizo yote mawili yanaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kwanza nyota hiyo inatoka wapi katika kamera ya kweli.

Nyota inazaliwa ndani ya lenzi

Taa yenyewe haina miale yenye ncha. Ndani ya lenzi kuna tundu la kupitishia mwanga, lile ambalo waliosoma Kifaransa huliita diafragma. Tundu hilo hufunguliwa na kufungwa na vibamba vyembamba vilivyopangwa kwa mduara. Mwanga unapopita karibu na ukingo wa kibamba, sehemu yake hupinda kidogo na kutoka nje ya njia yake. Wanafizikia huita jambo hilo difraksheni. Mjerumani Joseph von Fraunhofer, aliyefariki mwaka 1826, ni mmoja wa wale walioichunguza kwa makini zaidi.

Ukingo mmoja ulionyooka hutupa mwanga pande mbili zinazotazamana. Kwa hiyo lenzi yenye vibamba 7 hutoa miale 14, na yenye vibamba 9 hutoa miale 18. Vibamba vikiwa 6 au 8, kila ukingo una mwenzake wa upande wa pili, na miale yao inalaliana. Ndiyo maana vibamba 6 hutoa miale 6, na vibamba 8 hutoa miale 8. Mpiga picha mzoefu anaweza kuhesabu miale kwenye picha na kukisia lenzi iliyotumika.

Ukubwa wa tundu nao una kazi yake. Tundu likiwa wazi kabisa, kwa mfano f/2, huwa karibu duara, na nyota haionekani sana. Likifungwa hadi f/11 au f/16, kona zake hujitokeza, mwanga hupinda zaidi, na miale hurefuka na kuwa na ncha kali. Simu nyingi hazina vibamba hivyo: tundu lao ni duara na halibadiliki. Mistari mirefu ya mwanga inayoonekana kwenye video za simu mara nyingi hutokana na mafuta ya kidole yaliyopakwa kwenye kioo cha kamera. Ukipangusa kioo kwa kitambaa safi, mistari hiyo huondoka au hupungua.

Kanuni hiyo haiishii kwenye kamera. Anayetazama balbu usiku huku amefumba macho nusu huona miale, kwa sababu mwanga unapita kati ya kope na kwenye tundu lililopungua. Darubini ya anga ya James Webb, ambayo picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, inaonyesha kila nyota angavu ikiwa na miale 8. Miale 6 mikubwa inatokana na kioo chake kikuu, ambacho kimeundwa kwa vipande 18 vyenye pembe sita. Miale 2 midogo inatokana na nguzo zinazoshikilia kioo cha pili. Hakuna nyota yenye miale angani. Miale ni alama ya chombo kilichotumiwa kuitazama.

Mng'ao una chanzo kingine

Mng'ao, yaani lile wingu laini linalozunguka taa, hauhitaji vibamba. Lenzi ina vioo vingi vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila uso wa kioo hurudisha kiasi kidogo cha mwanga, na kila chembe ya vumbi huutawanya. Mwanga huo uliopotea njia huangukia pembeni mwa taa na kuifanya ionekane imevaa ukungu.

Wakati wa filamu za utepe kulikuwa na chanzo kingine tena. Mwanga mkali ulipenya tabaka za dawa zilizopakwa juu ya utepe, ukagonga sehemu ya nyuma, kisha ukarudi. Tabaka ya rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa chini zaidi, kwa hiyo ndiyo iliyopokea mwanga huo wa kurudi kwanza. Matokeo yake ni duara jekundu au la rangi ya chungwa kuzunguka taa. Vijana wengi wanaotafuta sura ya filamu za zamani wanaiga duara hilo leo bila kujua kwamba zamani lilihesabiwa kuwa kasoro, na kwamba viwanda viliweka tabaka nyeusi nyuma ya utepe ili kulizuia.

Kabla ya kompyuta, wapiga filamu waliotaka nyota au mng'ao waliweka kioo maalumu mbele ya lenzi. Kioo chenye mistari myembamba iliyochorwa kilitoa nyota zenye miale 4 au zaidi, na kilipendwa sana katika vipindi vya muziki vya televisheni miaka ya 1970. Kioo chenye chembe ndogo ndani yake, kama Pro-Mist cha kampuni ya Tiffen, hutoa mng'ao laini na bado kinauzwa. Ubaya wa vioo hivyo ni kwamba kilichorekodiwa hakifutiki. Mteja akisema nyota zimezidi, hakuna la kufanya.

Kwa nini macho yanakubali

Kuna sababu inayofanya mng'ao wa bandia ufanye kazi hata pale mtazamaji anapojua kwamba ni wa bandia. Kioo cha simu au televisheni hakiwezi kutoa mwanga mkali kama wa jua, wala hata kama wa taa ya gari inayokuja usoni. Kina kikomo chake. Lakini ubongo umezoea kwamba kitu kikali sana huzungukwa na mng'ao, kwa sababu jicho nalo ni lenzi na lina kasoro zake. Ukiona mng'ao, ubongo unahitimisha kwamba chanzo chake ni kikali.

Mwaka 1995, watafiti wanne wa Marekani, Greg Spencer, Peter Shirley, Kurt Zimmerman na Donald Greenberg, walichapisha njia ya kuongeza mng'ao wa aina hiyo kwenye picha za kompyuta kwa kufuata namna jicho linavyotawanya mwanga. Lengo lao lilikuwa hilo hasa: kufanya taa ndani ya picha ionekane angavu kuliko kioo kinavyoweza kuionyesha. Michezo ya video na filamu za kompyuta vimeendelea kutumia wazo hilo hadi leo.

Watengenezaji wa filamu kubwa nao wamegawanyika kuhusu njia ya kufika huko. Katika filamu ya Star Trek ya mwaka 2009, mwongozaji J.J. Abrams na mpiga filamu Dan Mindel hawakuiachia kompyuta kazi hiyo. Tochi kali zilimulikwa kuelekea kwenye lenzi wakati wa kupiga, na mwanga uliotawanyika kwenye picha ulikuwa wa kweli. Studio ya Pixar ilikuwa na shida iliyo kinyume ilipotengeneza WALL-E, iliyotoka mwaka 2008. Filamu nzima ilizaliwa kwenye kompyuta, na kamera ya kompyuta haina kasoro yoyote. Mwongozaji Andrew Stanton na wenzake walimwalika mpiga filamu Roger Deakins awashauri kuhusu mwanga na kamera, nao walichunguza lenzi za kweli ili waweze kuiga makosa yake.

Jinsi kazi inavyofanyika kwenye kompyuta

Programu zina majina tofauti ya vitufe, lakini ndani yake hatua karibu ni zilezile.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mwanga. Mhariri huweka kiwango, na kila sehemu ya picha iliyo chini ya kiwango hicho inageuzwa kuwa nyeusi. Zinabaki taa, miale ya jua kwenye mabati na vitu vinavyometa.

Hatua ya pili ni kutawanya. Kwa mng'ao, sehemu zilizobaki hutiwa ukungu. Ukungu wa kipimo kimoja huonekana kama pamba iliyobandikwa juu ya taa. Kazi nzuri hutumia nakala tatu au nne: ya kwanza yenye ukungu mdogo na nguvu nyingi, ya mwisho yenye ukungu mpana na nguvu kidogo sana. Hivyo ndivyo mwanga unavyofanya katika lenzi: hupungua haraka karibu na taa, kisha hufifia polepole hadi mbali. Kwa nyota, badala ya ukungu wa pande zote, picha huvutwa kwa mstari kuelekea upande mmoja, kisha nakala nyingine upande mwingine. Mistari mitatu iliyopishana kwa nyuzi 60 hutoa nyota ya miale 6.

Hatua ya tatu ni rangi. Mwanga mwekundu una mawimbi marefu kuliko wa buluu, kwa hiyo hupinda zaidi na kufika mbali zaidi. Mwale wa kweli hauna rangi moja: karibu na taa ni mweupe, na kuelekea nchani rangi huanza kuachana. Mhariri anayetaka kuiga hilo huvuta nakala nyekundu kwa urefu zaidi kidogo kuliko ya buluu.

Hatua ya nne ni kujumlisha matokeo na picha ya mwanzo. Hapa wengi hukosea bila kujua. Namba zilizo ndani ya faili la kawaida la video hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga, kwani zimepindishwa ili zifae macho na kioo. Ukijumlisha mng'ao juu ya namba hizo kama zilivyo, picha hupata utando wa maziwa na weusi hupauka. Dawa yake ni kuigeuza picha kwanza iwe katika hali ambayo namba mara mbili ni mwanga mara mbili, kufanya kazi yote humo, kisha kuirudisha.

Zana za kufanya haya si lazima ziwe ghali. Blender, ambayo ni ya bure kabisa, ina kifaa kinachoitwa Glare katika sehemu yake ya kuunganisha picha, chenye uchaguzi wa miale, nyota na mng'ao wa ukungu. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ina toleo la bure, na hatua zilizotajwa hapo juu zinaweza kujengwa humo kwa mkono. Toleo lake la kulipia, ambalo limekuwa likiuzwa dola 295 kwa malipo ya mara moja, lina kifaa cha Aperture Diffraction, ambacho kinakokotoa nyota kutokana na umbo la tundu la lenzi lenyewe: mhariri huchagua idadi ya vibamba, na programu inafanya mengine.

Tatizo la gauni jeupe

Hakuna sehemu ambapo mng'ao wa bandia huaibisha kama kwenye video za harusi. Sababu yake iko katika hesabu. Video ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Balbu iliyo uchi inaweza kuwa angavu mara mamia kuliko kitambaa cheupe kilicho karibu nayo, lakini kamera ikishafika 255 haina namba nyingine ya kuandika. Balbu inaandikwa 255. Gauni la bibi harusi lililopigwa na jua la saa sita linaandikwa 255 vilevile. Programu haijui kipi ni taa na kipi ni nguo.

Ndiyo maana mhariri akibonyeza kitufe tu, gauni, shati la bwana harusi, keki na vitambaa vya meza vyote vinaanza kutoa mwanga. Nyuso za watu walio karibu hupauka, na mapambo ya gauni yaliyogharimu fedha nyingi hayaonekani tena.

Tiba ya kwanza hufanyika siku ya kupiga: kupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera ili gauni libaki chini ya kikomo, na taa peke yake ndizo zivuke. Kamera zinazorekodi katika hali ya log au RAW huhifadhi nafasi kubwa zaidi upande wa juu, na kumrahisishia mhariri kazi hiyo. Tiba ya pili ni ya mezani: kuchora mpaka kuzunguka taa zinazohitajika na kuuambia mng'ao ubaki humo, huku mpaka huo ukifuata taa kamera inapotembea. Inachukua muda, lakini ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi na ya kitufe.

Kuna jambo jingine linalohusu umeme wetu. Kongo inatumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyowekwa kwenye picha 25 kwa sekunde, na kila picha ikichukua sehemu moja ya 50 ya sekunde, hupata mawimbi mawili kamili katika kila picha, na mwanga hutulia. Iliyoachwa kwenye picha 30 na sehemu moja ya 60 hupata kiasi tofauti kila mara. Katika video ya kawaida tofauti hiyo huenda isionekane sana. Mng'ao ukiongezwa, taa inavuka kiwango katika picha moja na kushuka chini yake katika inayofuata, na skrini nzima inaanza kupigapiga kama mshumaa katika upepo.

Na ukungu mpana ni kazi nzito kwa kompyuta. Kwa anayefanyia kazi mahali ambapo umeme hukatika, saa mbili za kutoa video zinaweza kupotea kwa sekunde moja. Mng'ao mpana hauna maelezo madogo ya kupoteza, kwa hiyo unaweza kukokotolewa kwenye nakala ya robo ya ukubwa, kisha ikakuzwa. Jicho halitaona tofauti. Pia ni busara kutoa video kwa vipande vifupi badala ya faili moja refu, ili umeme ukikatika kipotee kipande kimoja tu.

Ishara za kutambua nyota ya bandia

Kwa kuwa nyota ya kweli inazaliwa ndani ya lenzi, ina tabia ambazo haiwezi kuziacha. Mhariri anayezijua atazifuata. Mtazamaji anayezijua atagundua pale zilipovunjwa.

Taa zote kali katika picha moja, zinapoonekana wazi kwenye lenzi, huwa na idadi moja ya miale iliyoelekea pande zilezile. Taa moja yenye miale 6 na jirani yake yenye miale 4 hazikutoka kwenye lenzi moja.

Kamera ikilazwa upande, nyota hulala pamoja nayo, kwa sababu vibamba viko ndani ya kamera. Nyota inayozunguka polepole peke yake, wakati kamera imetulia, imewekwa na mtu.

Mtu akipita mbele ya taa na kuifunika kabisa, miale yote huzimika mara moja. Akiifunika nusu, miale hufifia lakini hupita juu ya uso na nguo zake, kwa sababu haiko nyuma yake: iko ndani ya lenzi. Miale inayokatwa na bega la mtu kama vile imechorwa ukutani ni ya bandia.

Taa iliyo mbali na isiyoonekana kwa ukali, ile iliyogeuka kuwa duara laini, haitoi nyota yenye ncha. Nyota kali juu ya taa yenye ukungu ni alama nyingine.

Ishara hizi haziwezi peke yake kuwa hukumu. Kioo kichafu, kioo cha gari au matone ya mvua vinaweza kuchanganya mambo. Lakini zinatosha kumfanya mtu asimame kidogo kabla ya kusambaza.

Rangi nyekundu juu ya Goma

Wakaaji wa Goma wanaujua mng'ao wa kweli kuliko watu wengi duniani. Kwa miaka mingi ziwa la lava ndani ya Nyiragongo, mlima wenye urefu wa mita 3 470, lilitia wekundu mawingu ya usiku juu ya mji. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wekundu huo ulibadilika. Lava ilitoka ubavuni mwa mlima, ikateremka kuelekea mji, na kusimama pembezoni, upande wa Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walipoteza maisha. Tarehe 27 Mei, huku ardhi ikiendelea kutetemeka, gavana wa kijeshi aliagiza mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka kuelekea Sake, Minova, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda.

Fikiria video iliyopigwa kwa simu usiku kama ule. Simu inaona giza na kuongeza mwanga yenyewe. Lava inavuka kikomo na kupoteza umbo. Mafuta ya kidole kwenye kioo yanaitawanya zaidi. Hata kabla ya mtu kugusa chochote, wekundu umeshakua mkubwa kuliko moto. Sasa mtu akiipitisha video hiyo kwenye programu na kuongeza mng'ao, labda kwa nia tu ya kuifanya ivutie, ukungu mwekundu unafunika nyumba ambazo lava haikuzifikia. Hakuna aliyeandika uongo wowote. Lakini mama anayeitazama akiwa na watoto wanne anaona mtaa wake unaungua.

Ndivyo ilivyo pia kwa mlipuko wa bomu au miali ya risasi usiku. Mng'ao ni kipimo ambacho ubongo hutumia kukadiria ukali wa kitu. Anayekibadilisha amebadilisha habari, hata kama hakuongeza mtu wala kuondoa nyumba.

Vyombo vikubwa vya habari viliwahi kulipia somo la aina hiyo. Mwezi Agosti 2006, shirika la Reuters lilichapisha picha ya Beirut iliyoshambuliwa kwa mabomu, ambayo mpiga picha wa kujitegemea alikuwa ameongeza moshi kwa kompyuta. Moshi wa kweli ulikuwepo, yeye aliuzidisha. Reuters iliacha kufanya naye kazi na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Mpaka unaofuatwa na vyumba vingi vya habari ni huu: kurekebisha mwanga na rangi ili picha ifanane na kilichoonekana kunaruhusiwa, kuongeza kisichokuwepo hakuruhusiwi. Nyota na mng'ao wa montaji viko upande wa pili wa mpaka huo.

Kwa anayefanya kazi zote mbili, harusi Jumamosi na habari Jumatatu, kama ilivyo kwa vijana wengi wenye kamera moja mjini, njia rahisi ni kutenganisha mafaili. Faili la mwanzo kutoka kwenye kamera halifutwi na haliguswi. Video ya habari inatoka bila kifaa chochote cha mng'ao, na kama taa imetawanyika kwa sababu ya lenzi au ukungu wa usiku, inaachwa hivyo. Klipu ya muziki inaweza kupewa nyota 100. Msanii amezilipia, na hakuna atakayekimbia nyumba yake kwa sababu yake.

Kwa upande wa mtazamaji, video ya hatari ikifika kwenye simu, maswali ni machache: nani alipiga, saa ngapi, akiwa amesimama wapi, na je, kuna video nyingine ya tukio hilo iliyopigwa kutoka upande mwingine? Moto wa kweli huonekana kutoka pande zote. Mng'ao uliobandikwa hupatikana katika faili moja tu, na katika nakala zake.